Ubavuni mwa Jiwe

Ausila, siku ya Ides, katikati ya Januari

Opsia Verecunda kwa Opsius Marinianus, mwana wa kaka yake.

Ukiwa mzima, nami mzima. Ukiwa mgonjwa usiniambie, wagonjwa ninao wa kutosha. Goti langu la kushoto limegoma tangu theluji ya kwanza. Mke wa mlinzi wa ghala amejifungua mapacha, wote wana masikio ya baba yao, maskini. Nguruwe hawajambo, isipokuwa lile dume jekundu lililoanguka mtoni kwa ujeuri wake mwenyewe. Tumelila. Nakuletea mapaja manne yaliyokaushwa na soseji kamba tatu, na umwambie mkeo Fausta asiwagawie wageni wale wanaokula kwa ncha za vidole.

Sasa jambo lenyewe. Baraza la mji lilikaa juzi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe wamekubaliana kitu bila kutupiana viti. Wanakusimamishia sanamu uwanjani. Mwenyekiti wao Januarius, yule uliyemsukuma kwenye shimo la chokaa mkiwa wadogo, alikuja kunipa habari mwenyewe, kavaa joho la sikukuu.

"Mama Verecunda," akasema, "tunataka dunia ijue kwamba mji huu una mtu Roma."

"Sema kweli, Januarius. Mnataka mtu wa kuwapunguzia nguruwe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na hilo nalo, Mama. Na hilo nalo."

Basi wewe mwenyewe unajua. Kila mwaka mji huu unaswaga nguruwe kwenda kulisha watu wa Roma, na kila mwaka idadi inaongezeka, kana kwamba nguruwe wetu wanazaa kwa amri. Wakipata mlinzi mwenye sauti huko, watapumua.

Mwili wa sanamu upo tayari. Nyuma ya mahakama kuna liwali mmoja wa zamani, wa jiwe, aliyedondoka kichwa siku ya tetemeko, na Kalendio mchonga mawe atamtilia kichwa chako. Joho limekaa vizuri. Tumbo lake dogo kuliko lako, lakini watu wataangalia uso. Maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la chini yake baraza limeyatunga hivi: "Kwa Opsius Marinianus, mlinzi wetu, liwali wa Samnium aliyeturudishia maji baada ya tetemeko, liwali mkuu wa Afrika, liwali wa Campania, mwandalizi wa michezo ya Roma. Baraza na watu wa Ausila wamemsimamishia." Yasome utujibu upesi, Kalendio amekwishanoa tindo zake.

Shangazi yako.


Roma, siku ya nne baada ya Kalenda, siku ya kwanza ya Februari

Opsius Marinianus kwa Shangazi Verecunda.

Shikamoo Shangazi. Mapaja yamefika manne, soseji zimefika kamba mbili. Ama mchukuzi ana njaa, ama wewe umesahau kuhesabu, na wewe si mtu wa kusahau. Sisi hatujambo. Mwanangu Dexter anajiandaa kwa michezo yake mwakani na hazungumzi kitu ila farasi; juzi tumekaa mezani akanieleza kwato moja baada ya nyingine mpaka samaki akapoa. Goti lako lifunge kwa mafuta ya moto na sufu, usiende kwa yule bibi wa majani.

Waambie wazee wa baraza nawashukuru sana, tena sana. Lakini loo, Shangazi, yale maneno! Kumtaja mtu mlinzi wa Ausila kabla ya liwali mkuu wa Afrika ni kumsifu bwana harusi kwa viatu. Halafu Campania baada ya Afrika? Mtu ameteremka cheo? Huku Roma watu wakipita chini ya sanamu wanasoma vyeo na kuhesabu miaka kwa vidole, na vikikosea mpango wanacheka wiki nzima. Cheo kidogo kianze, kikubwa kifuate, mpaka juu. Huo ndio utaratibu.

Na mstari wa Samnium, jimbo letu la nyumbani, uondoeni. Sababu unaijua. Mwaka ule uliwali nilipewa na yule Mnyang'anyi alipokuwa anajiita Kaisari, na alipoanguka sheria ikatoka: kila cheo alichokitoa ni kama hakikutolewa. Wengine walirudishiwa heshima zao kimyakimya, mimi nikiwa mmoja, kwa sharti kwamba mwaka ule hatuutaji. Sasa nakwambia jambo usilitangaze sokoni. Ukuu wa mji wa Roma uko wazi kuanzia vuli, na jina langu limo katika majina mawili. Baraza likinisimamishia sanamu, nakala ya maneno yake itapelekwa Milano kwenye makao ya Kaisari, na kuna watu kule wanaosubiri nijikwae. Mstari mmoja tu, Shangazi, na miaka ishirini yangu imekwenda na maji.

Basi mbele ya jiwe chongeni hivi: "Kwa Opsius Marinianus, mtu mtukufu sana, mwandalizi wa michezo ya Roma, liwali wa Campania, liwali mkuu wa Afrika, kwa fadhila zake nyingi. Baraza na watu wa Ausila wamemsimamishia mlinzi wao." Mtu akiuliza fadhila gani, ni fadhila. Hazina tarehe. Baada ya Afrika acheni mstari mmoja mtupu, kwa cheo kitakachokuja. Ubavuni wekeni siku ya uzinduzi na jina la msimamizi wa kazi, kama desturi. Awe Januarius au mtu mwingine yeyote, ubavu hausomwi na mtu wala haunakiliwi.

Mwanao, Marinianus.


Ausila, Kalenda ya Machi

Verecunda kwa Marinianus.

Marahaba mwanangu. Soseji zilikuwa tatu, mchukuzi nimeshamsema. Mapacha wanaendelea, mmoja ameanza kucheka. Goti nimelifunga mafuta ya moto na nimekwenda kwa bibi wa majani vilevile, nisije nikamkosea mmoja wenu.

Maneno yako nimeyasoma mezani mbele ya Januarius na Kalendio. Yana mpango mzuri kweli. Kijana anaandaa michezo, watu wanashangilia, kisha analala. Analala miaka kumi na moja. Anaamka ni liwali wa Campania. Kalendio akauliza, "Huyu bwana alikuwa anaumwa?" Nikamwambia ndiyo, ugonjwa wa kusahau.

Mimi si mtoto, Marinianus. Sheria naielewa, na hofu naielewa. Lakini watu wa hapa hawakusimamishii sanamu kwa ajili ya Afrika. Afrika hawaijui. Wanakusimamishia kwa sababu tetemeko lilipobomoa mfereji tulikunywa maji ya mto, na watoto wakaharisha wakafa, tukazika kumi na saba kiangazi kimoja. Wewe ukaja na mhuri wako wa liwali, ukaagiza mlima utobolewe, na kabla mwaka wako haujaisha maji yakatoka kwenye birika la uwanjani. Mhuri aliutoa nani, watoto waliokunywa hawakuuliza.

Sasa nitakwambia ninachokitaka, uso kwa uso. Lile jiwe tulilolisimamisha pale birikani lilikuwa na majina mawili. Lako juu, na chini yake "kwa usimamizi wa Naevius Crescens". Wewe ulikaa kwenye kiti cha uliwali, mwanangu Crescens akaingia mlimani na wachimbaji, na mlima ukamwangukia. Alitolewa siku ya tatu. Mnyang'anyi alipoanguka ikaja barua yako kwa baraza, maneno mawili: "Futeni yote." Kalendio akafuta yote. Nilikuwa nimesimama pale na kikapu cha maharage, na vumbi la jiwe likaingia kwenye maharage, tukayala hivyohivyo.

Jina lako likifutwa si neno, una mawe mengine. Crescens alikuwa na hilo moja. Kaburini pameandikwa alizaliwa lini na alikufa lini, basi. Alichokifanya kiliandikwa birikani tu. Ni miaka tisa sasa tangu afe. Vijana wanaochota maji wananiuliza, Bibi, lile jiwe lililokwaruzwa lilikuwa la nani? Nataka mstari wa Samnium urudi, na jina la mwanangu liwe chini yake, uwanjani, wazi. Kama jina lake halipo, sijui nikae nikuangalie wewe pale juu kwa moyo gani.

Shangazi yako.


Roma, siku ya Ides ya Aprili

Marinianus kwa Shangazi Verecunda.

Shikamoo Shangazi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za Seneti na mafua ya Fausta. Dexter amepata farasi wanane kutoka Hispania na anataka kulala nao zizini. Naona mvua huko kwenu zimekuwa nyingi. Waambie wakague paa la ghala la kusini, boriti ya katikati siiamini tangu zamani.

Kuhusu lile jambo la birika nimefikiri sana. Yaliyopita tusiyafukue. Watu wa wakati ule walifanya kazi kubwa, wote, na Mungu anawajua. Kuandika mwaka ule ni kunikabidhi mikononi mwa maadui zangu, na nikianguka mimi mmeanguka na ninyi. Nani atawasemea habari ya nguruwe? Wewe mwenyewe umesema hofu unaielewa.

Kuna njia iliyo bora. Nitaleta marumaru nyeupe kutoka ng'ambo kwa ajili ya lile kaburi, nzuri kuliko ya mtu yeyote wa Samnium, pamoja na mchonga mawe wa hapa Roma mwenye mkono mzuri kuliko wa Kalendio. Chagua mwenyewe maneno, mradi yasiwe na mwaka wala mlima. Ila maneno ya sanamu yabaki kama nilivyoandika. Baba hayupo, neno la nyumba hii sasa ni langu, na nakuomba uniheshimu kwa hilo.

Marinianus.


Roma, Kalenda ya Juni

Marinianus kwa Shangazi Verecunda.

Shikamoo. Sijapata barua yako. Huenda mchukuzi amekula na barua. Sisi wazima, Fausta amepona. Mchonga mawe wa Roma yuko tayari kusafiri, nakusubiri wewe tu useme marumaru iwe na ukubwa gani. Na goti, je?

Nakumbuka nilipokuwa mdogo ukinikasirikia hunipigi wala hunigombezi. Unaninyima maneno tu, siku tatu, na siku ya nne mimi mwenyewe nakuja kukuonyesha nilichokivunja. Nimeshakuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, Shangazi. Niandikie.


Roma, siku ya tano kabla ya Kalenda ya Agosti

Marinianus kwa Shangazi Verecunda.

Shikamoo. Miezi mitano sasa, na Roma inawaka joto mpaka majani ya mizeituni yamejikunja. Kila mwenye shamba amekimbilia milimani. Mimi nimebaki kwa sababu uamuzi wa Kaisari unatarajiwa wakati wowote.

Januarius ameniandikia jiwe limekwisha. Anasema ulikuwa unakwenda kwenye karakana ya Kalendio kila asubuhi na kigoda chako, unakaa, unatazama, unarudi kula. Anasema baraza limekuachia wewe mambo yote ya jiwe. Nakala haijafika kwangu. Shangazi, umemwambia Kalendio achonge nini? Kama ameweka ule mstari, nakuomba kwa kaburi la baba yangu, afute kabla haijafika Milano. Silali.


Ausila, siku ya nane kabla ya Ides ya Agosti

Verecunda kwa Marinianus.

Marahaba. Lala, mwanangu, lala. Nakala ya mbele ya jiwe hii hapa, ameinakili Januarius kwa mkono wake, na nyingine kama hiyo imekwenda Milano wiki iliyopita. Linganisha na yako. Michezo ya Roma, Campania, Afrika, fadhila nyingi, na mstari mtupu kwa cheo kinachokuja. Hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua. Mwanamke wa nyumba yetu akiambiwa jambo na mkuu wa nyumba hulifanya, hata kama huyo mkuu wa nyumba yeye ndiye aliyemfundisha kujifuta pua.

Kwa nini sikuandika? Barua yako ya Aprili niliisoma mara nne. Ina Dexter, ina farasi wanane, ina boriti ya ghala la kusini ambayo kweli ilikuwa mbovu, ahsante. Ina "watu wa wakati ule". Ina "lile kaburi". Nikasema labda macho yangu, nikampa Januarius naye anisomee. Jina la mwanangu hamna. Wewe naye mmelala kitanda kimoja miaka sita nyumbani kwangu, mmeibiana viatu, na huwezi kuliandika jina lake hata kwa wino, achia mbali jiwe. Ndipo nikaelewa siwezi kulipata kwako kwa kuomba.

Basi nikakumbuka ulichosema kuhusu ubavu. Ubavu hausomwi na mtu wala haunakiliwi, wekeni tarehe na msimamizi, awe mtu yeyote. Nikasema haya, bwana mkubwa ametoa ruhusa.

Kalendio ametumia jiwe lilelile la birika. Mawe mazuri siku hizi yako wapi? Amelipindua, upande mwororo umekuwa mbele, upande uliokwaruzwa umegeukia ukuta wa mahakama, na maneno yako mapya yamekaa upande wa pili wa yale uliyoyafuta. Kwenye ubavu wa kulia, ule unaotazama birika, pamechongwa: "Kwa usimamizi wa Naevius Crescens." Herufi kubwa sawa na zako, nilizipima kwa uzi.

Januarius aliposoma alishika kichwa. "Mama, marehemu amesimamiaje sanamu ya mwaka huu?"

Nikamwambia, "Wewe maji uliyonawa uso leo asubuhi amekuletea nani?"

Akalipeleka barazani. Baraza likapitisha, hakuna aliyenyoosha mkono kupinga. Sheria inakataza kutaja mwaka, mwaka haukutajwa. Inakataza vyeo vya Mnyang'anyi, mwanangu hakuwa na cheo. Mgeni akisoma ataona msimamizi tu, kama alivyo msimamizi kwenye kila jiwe. Mtu wa hapa akisoma atajua, na mtoto wake akiuliza ataambiwa.

Lakini sikufichi. Tarehe haijachongwa, uzinduzi unakungoja wewe upange siku. Na tindo ya Kalendio ninayo hapa mezani kwangu, kando ya chumvi. Nimeiazima kwake. Ukitaka jina la ubavuni litoke, usimwandikie Januarius wala usiandike "futeni". Njoo ulifute kwa mkono wako, mimi nikiwa nimesimama pale. Kikapu bado ninacho.

Shangazi yako.


Roma, siku moja kabla ya Kalenda ya Septemba

Marinianus kwa Shangazi Verecunda.

Shikamoo Shangazi.

Leo asubuhi mjumbe ameleta barua kutoka Milano. Nimepewa ukuu wa mji wa Roma. Nyumba imejaa watu tangu saa hiyo, wengine sijawahi kuwaona, wananikumbatia na kuniita ndugu. Nimewaacha na Fausta nikajifungia huku na barua yako. Ilikuja majuzi na sikuweza kuijibu.

Nilitaka kukasirika na nimeshindwa. Umenishinda kwa maneno yangu mwenyewe. Kama ungekuwa mwanamume ungekuwa wewe Senetini na mimi nachunga nguruwe.

Crescens. Nimeandika. Naevius Crescens, mwana wa shangazi yangu, mchekaji, mpenda matope, aliyenibeba mgongoni nilipovunjika mguu kule bondeni.

Nitakuonyesha nilichokivunja. Siku ile kabla ya mlima kuanguka alinitumia mtu. Alisema dari la handaki linadondosha maji na changarawe, wachimbaji wanaogopa, nimpe siku tatu akate magogo ya kuegemeza. Mwaka wangu wa uliwali ulikuwa umebakiza siku ishirini. Liwali mpya angefika, maji yangetoka mikononi mwake, na jina lake ndilo lingechongwa birikani. Nikamjibu kwenye kibao cha nta: "Usisimamishe. Nataka maji mwaka huu." Akaingia.

Niliwaambia watu ni ajali ya mlima. Nilikwambia na wewe hivyo, umeishika mikono yangu unanifariji mimi. Mwanao amekufa kwa ajili ya mstari wangu mmoja wa jiwe, Shangazi. Na miaka miwili haijafika, huo mstari nikaagiza ufutwe, na yeye pamoja nao. Ndiyo maana siwezi kuliandika jina lake. Si Milano tu. Milano imekuwa kisingizio kizuri.

Sasa sikiliza. Jina la ubavuni libaki, milele. Tarehe ya uzinduzi iwe siku ya tano kabla ya Ides ya Oktoba, siku aliyokufa. Na ule mstari mtupu wa mbele mlioniachia kwa cheo kipya, mwambie Kalendio asichonge ukuu wa mji. Achonge pale: "Liwali wa Samnium." Wacha waisome kule Milano. Nimeutaka ukuu huu miaka ishirini na umenifika mkononi asubuhi moja, na sina hamu hata ya kuubusu muhuri wake. Usinisamehe kama huwezi. Ila nilitaka ulisikie kwangu.

Mwanao.


Ausila, siku ya Ides ya Septemba

Verecunda kwa Marinianus.

Marahaba baba.

Pacha mmoja ametoa jino. Goti limelegea na joto hili. Nguruwe wa mwaka huu wamenenepa vizuri, na idadi iliyoagizwa kutoka Roma ni kubwa kuliko ya mwaka jana kwa sitini, watu hapa wanalia. Kwa hiyo nakuomba usinifanyie ushujaa. Mstari mtupu utachongwa ukuu wa mji wa Roma, kama ilivyokusudiwa. Kalendio ameanza jana na mimi ndiye niliyemwagiza. Ukitaka kujiadhibu tafuta njia isiyotunyang'anya sisi mtu wetu. Ingia kwenye hicho kiti, na jambo lako la kwanza liwe nguruwe sitini. Mwanangu alikufa ili mji huu uishi, usiutupe kwa ajili ya kujisikia vizuri.

Hilo jingine nalijua. Kibao chako kilikuwa mkandani mwake alipotolewa. Nta ilikuwa imepasuka lakini mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unaandika herufi kinyume. "Usisimamishe. Nataka maji mwaka huu." Nilikisoma kabla sijamwosha. Ulipokuja kwenye mazishi na nikakushika mikono, kilikuwa kifuani mwangu ndani ya nguo. Nilikuwa nangoja useme. Nikasema atasema kesho, atasema baada ya arobaini, atasema mwakani. Kisha ikaja "futeni yote", na bado nikangoja, mpumbavu mimi. Kumbe siku yako ya nne imechukua miaka tisa.

Sijasema nimekusamehe. Nimesema njoo. Tarehe umechagua vizuri, tayari imechongwa chini ya jina lake. Siku hiyo baraza lote litasimama mbele na majoho yao, na Januarius ana hotuba ndefu kuhusu fadhila zako, Mungu atusaidie. Wewe usisimame mbele. Simama ubavuni na mimi, upande wa birika, mpaka hotuba iishe. Kisha utanishika mkono turudi nyumbani tukale, maana goti halinifikishi mbali, na kitanda chenu cha zamani nimekitandika.

Tindo nimemrudishia mwenyewe.